Sikio Nyuma ya Pazia

Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Kwa desturi methali hii hutumiwa kumtetea mtu aliyetazama asichokusudia kutazama, maana jicho halina mlango wa kufungwa kila kipitapo kitu kisicholihusu. Lakini katika historia ya vyombo vya kusikilizia muziki methali hii ina fundisho la pili. Mtu huketishwa mbele ya spika mbili: moja ndogo, ya plastiki, ya bei rahisi, nyingine ndefu, ya mbao iliyopigwa vanishi hata ikang'aa. Huulizwa ipi yatoa sauti njema. Swali ni la sikio. Lakini kabla ya sauti ya kwanza kusikika jicho limekwisha jibu, na sikio, kama mdogo katika baraza ya wakubwa, huitikia tu.

Tangu zama za santuri za kwanza hadi karne hii, watu waliojitwika kazi ya kuvipima vyombo hivi na kuwaarifu wengine ubora wake waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilishika kuwa mpimaji stadi akisikilize chombo kwa utulivu, kwa siku nyingi, akijua ni chombo gani, kisha aandike aliyoyasikia. Kundi la pili lilishika kuwa hukumu ya namna hiyo haina uzito mpaka jina, bei na sura ya chombo vifichwe. Njia hii ya pili wataalamu huiita jaribio la upofu. Kwa kuwa upofu wenyewe ni wa muda, na kinachofichwa ni chombo wala si mtu, yafaa pia kuitwa jaribio la pazia. Ugomvi wa makundi haya aghalabu hutajwa kuwa ni ugomvi baina ya sikio na mashine. Historia haikubali maneno hayo. Pande zote mbili ziliamini kuwa sikio ndilo hakimu. Zilichogombania ni kama hakimu huyo aweza kuketi hukumuni pamoja na jicho, na bado hukumu ikawa yake.

Fikira ya kumziba mtu macho ili ukweli ujulikane haikuzaliwa katika muziki. Mwaka wa 1784 Mfalme Louis XVI wa Ufaransa aliunda tume ya kuchunguza madai ya tabibu Franz Anton Mesmer na wafuasi wake, walionena kuwa waliponya wagonjwa kwa nguvu isiyoonekana iliyopita mwilini. Miongoni mwa wajumbe walikuwamo Benjamin Franklin na Antoine Lavoisier. Wajumbe waliwafunga watu vitambaa machoni. Walioambiwa kuwa nguvu ile yawapita, ilhali hapana aliyewatendea lolote, walihisi joto na kutetemeka. Waliotendewa bila kujua hawakuhisi kitu. Tume haikusema kuwa wagonjwa wale walikuwa waongo. Walihisi kweli, ila kilichowafanya wahisi kilikuwa tazamio lao wenyewe. Tofauti hii baina ya uwongo na kudanganyika ni nyembamba, lakini ni lazima ishikwe, kwa sababu baada ya karibu miaka mia mbili watu wengi wa haki katika fani ya sauti walichukizwa na pazia kwa kudhani kuwa wameitwa waongo.

Thomas Edison wa Marekani alivumbua fonografu mwaka wa 1877. Kwa ajabu ya majaliwa, mvumbuzi huyu wa mashine ya kuhifadhi sauti alikuwa karibu kiziwi. Alikuwa akiuma ubao wa mashine kwa meno ili mtetemo upite katika mifupa ya kichwa, na kwa njia hiyo alijiamulia mwenyewe ni waimbaji gani wafaao na ni santuri zipi zitolewe. Kuanzia mwaka wa 1915 hadi 1925 kampuni yake ilizunguka miji ya Marekani ikifanya maonyesho maelfu ya kuthibitisha ubora wa mashine yake. Mwimbaji alisimama jukwaani kando ya kabati ya mashine, akaimba pamoja na santuri ya sauti yake mwenyewe. Kisha akafumba mdomo na santuri ikaendelea. Pengine taa zilizimwa, nyimbo zikaendelea gizani, na taa zilipowashwa watu walishangaa kuona kuwa mwimbaji ameondoka zamani na mashine imebaki peke yake. Mwaka wa 1916 Marie Rappold alifanya hivyo katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Magazeti yaliandika kuwa wasikilizaji hawakuweza kutambua ipi sauti ya mtu na ipi sauti ya mashine.

Kwa sura ya nje hili lilikuwa jaribio la pazia, maana giza ni pazia la kutosha. Kwa ndani halikuwa hivyo. Hapana msikilizaji aliyepewa karatasi aandike jibu. Hapana aliyehesabu makosa. Na wote walikuwa wamekwisha ambiwa mlangoni ni ajabu gani watakayoisikia. Santuri zile zilirekodiwa kwa pembe bila umeme, kwa kuwa kurekodi kwa umeme kulienea tangu mwaka wa 1925, na zilibeba sehemu ndogo tu ya sauti ya mwanadamu pamoja na mchakacho wa sindano. Siri iliyobaki ilitolewa na Anna Case, mmoja wa waimbaji mashuhuri wa maonyesho yale. Mwaka wa 1972, akiwa mkongwe, alieleza kuwa aliifanya sauti yake ifanane na sauti ya mashine, ili watu wasione tofauti. Basi si mashine iliyopanda hata ikamfikia mwanadamu. Ni mwanadamu aliyeshuka akaikuta mashine njiani. Hapo palipatikana fundisho la kwanza la historia hii: kuzima taa peke yake si uchunguzi. Pazia linaloshikwa na mwuzaji ni sehemu ya tangazo.

Uchunguzi wa kweli ulikuja kwa watu waliokuwa na swali wasilojua jibu lake. Mwaka wa 1945 Howard Chinn na Philip Eisenberg walitangaza kuwa wasikilizaji wa redio, walipopewa nafasi ya kuchagua, walipenda sauti iliyopunguzwa masafa kuliko sauti kamili. Habari hiyo iliwashtua wahandisi. Ikiwa watu hawapendi sauti kamili, kuna haja gani ya kuitafuta kwa gharama? Harry Olson wa kampuni ya RCA hakuridhika. Katika uchunguzi alioutoa mwaka wa 1947 aliweka wanamuziki halisi nyuma ya kitambaa kinachopitisha sauti na kuzuia macho. Baina yao na wasikilizaji aliweka kizuizi cha sauti ambacho kiliweza kufunguliwa au kufungwa bila kuonekana. Kilipofungwa, sauti za juu kupita mitetemo 5,000 kwa sekunde zilizuiwa. Wengi wa wasikilizaji walichagua sauti kamili. Ndipo fumbo lilipopata njia ya kufumbulika. Katika muziki uliopita mitamboni, sauti za juu zilikuja zimebeba kasoro za mitambo. Watu walipozikataa hawakuukataa muziki, bali waliikataa takataka iliyofuatana nao. Hapa pazia halikutumiwa kulikana sikio. Lilitumiwa kulipa haki yake, na sikio likaonekana kuwa na akili zaidi kuliko ilivyodhaniwa.

Mwaka wa 1950 W. A. Munson na Mark Gardner, wachunguzi wa maabara ya simu ya Bell, waliandika utaratibu ambao baadaye ulikuwa nguzo ya kazi hii. Msikilizaji husikilizishwa sauti ya kwanza, iitwayo A. Kisha ya pili, iitwayo B. Kisha ya tatu, X, ambayo ni moja ya zile mbili, naye hutakiwa aseme ni ipi. Haulizwi ipi ni nzuri, wala haombwi kusifu. Anaulizwa jambo moja tu: je, watambua? Jambo hilo likirudiwa mara nyingi, hesabu hujibu kwa niaba yake. Abahatishaye hupata nusu. Asikiaye hupata zaidi ya nusu.

Lakini elimu hii ilibaki maabarani. Kumbini mambo yaliendelea kwa njia ya zamani, ijapokuwa kwa unyofu zaidi. Gilbert Briggs, mwenye kampuni ya Wharfedale ya Uingereza, alikusanya watu katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London, mwaka wa 1954, na mwaka uliofuata katika Carnegie Hall, ili walinganishe wanamuziki na spika zake. Naye Edgar Villchur, aliyeanzisha kampuni ya Acoustic Research pale Cambridge, Massachusetts, mwaka wa 1954 pamoja na Henry Kloss, alizungusha kundi la wapiga fidla la Fine Arts Quartet. Walipiga sehemu ya tungo kwa mikono yao, kisha wakaendelea kusogeza pinde zao bila kutoa sauti huku spika zikishika zamu. Utepe wa muziki huo ulirekodiwa mahali pasipo mwangwi, ili mwangwi wa ukumbi usirudiwe mara mbili. Villchur alitaka kuonyesha kuwa spika ni chombo cha kunakili sauti, wala si chombo cha muziki chenye sauti yake. Hata hivyo jicho lilikuwa bado limealikwa, na safari hii lilidanganywa kwa pinde.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa alipotokea mtu ambaye jina lake haliachani na habari hii. J. Gordon Holt alikuwa mwandishi wa mambo ya ufundi katika gazeti jingine la fani hiyo, na mwaka wa 1962 alianzisha lake, Stereophile. Wakati ule magazeti mengi yalipima vyombo kwa mita: nguvu kiasi gani, kasoro asilimia ngapi, masafa kutoka wapi hadi wapi. Julian Hirsch, mpimaji aliyesomwa na watu wengi kuliko wote katika Marekani, alifanya kazi hiyo kwa uangalifu kwa miaka mingi. Holt aliona kuwa jedwali la tarakimu halimwambii msomaji jambo analotaka kujua, yaani chombo kinasikikaje. Kwa hiyo alikaa, akasikiliza, akaandika. Mwaka wa 1973 Harry Pearson akamfuata kwa gazeti lake, The Absolute Sound, lililochukua kuwa kipimo sauti ya vyombo halisi vya muziki visivyokuzwa kwa umeme, vikipigwa mahali halisi.

Haifai kuwadharau watu hawa. Walikuwa na hoja, na wakati wao uliwathibitishia. Amplifaya za transista zilipoingia badala ya zile za valvu, tarakimu zilizisifu. Lakini kasoro zilipimwa aghalabu amplifaya ikiwa katika nguvu yake yote, ilhali watu husikiliza kwa sauti ya kadiri. Na katika amplifaya nyingi za transista za mwanzo kulikuwa na kasoro iliyoonekana zaidi sauti inapokuwa ndogo. Masikio yalilalamika, mita zikanyamaza. Mwaka wa 1970 Matti Otala wa Ufini aliandika juu ya kasoro nyingine, itokeayo sauti inapopanda kwa ghafula, ambayo vipimo vya kawaida havikuikamata. Basi aliyesema kuwa mita za zamani hazikutosha alisema kweli. Kosa halikuwa kulisikiliza sikio. Kosa lilikuja polepole, kwa njia ya lugha.

Waandishi wale walihitaji maneno, na maneno hayakuwapo. Wakayaunda kwa kuyaazima kwa jicho, mkono na ulimi: sauti yenye giza na sauti yenye mwanga, sauti kavu, sauti tamu, sauti yenye hewa, sauti iliyofunikwa utaji. Holt mwenyewe alikusanya msamiati huo hata ukawa kitabu. Kila lugha hukua kwa njia hiyo, wala si aibu. Lakini neno la ufafanuzi hupata maana kwa kuwapo mahali pa kulipima. Mvuvi akisema upepo umegeuka, tanga litamsadiki au litamkadhibisha. Mwandishi aliyesema kuwa waya fulani umeondoa utaji hakuwa na tanga. Aliujua waya, aliijua bei yake, alimjua mtengenezaji wake, na msomaji wake alijua yote hayo pia. Mfano wa tathmini ukawa mfano wa tendi za sifa: ustadi wa maneno ulizidi, na uhakika wa jambo lenyewe haukuongezeka. Ukipenda, chongo huita kengeza. Na ukilipa dola elfu, kengeza huita urembo.

Wahandisi waliichukua tena njia ya Munson na Gardner. Mwaka wa 1978 Peter Walker, mwenye kampuni ya Quad ya Uingereza, aliagiza lifanyike jaribio la kificho juu ya amplifaya zake tatu, moja ya valvu na mbili za transista, zilizotengenezwa kwa nyakati mbalimbali. Wasikilizaji waliokaribishwa hawakuweza kuzitambua. Ni jambo la kukumbukwa kwamba Walker alikuwa mwuzaji, na matokeo yale hayakumsaidia kuuza amplifaya mpya kwa mtu aliyekuwa na ya zamani. Katika Michigan, David Clark na wenzake walitengeneza swichi ya kufanyia jaribio la A, B na X, na mwaka wa 1982 Clark aliieleza katika jarida la Jumuiya ya Wahandisi wa Sauti. Mashine yenyewe ilichagua X kwa kubahatisha, na hapana mtu chumbani aliyejua chaguo lake. Huu ndio upofu wa pande mbili: msikilizaji hajui, na msimamizi naye hajui, hata uso wake usiweze kutoa siri. Msikilizaji alishika swichi mkononi mwake, akabadili alipotaka, akasikiliza kwa muda aliotaka.

Mwezi wa Januari, mwaka wa 1987, gazeti la Stereo Review lilitoa habari ya jaribio la namna hiyo juu ya amplifaya, kutoka za bei ya chini hadi za maelfu ya dola. Wasikilizaji walikuwa 25. Miongoni mwao walikuwamo walioamini kuwa amplifaya hutofautiana sana kwa sauti, na walikuwamo wasioamini. Amplifaya zilipolinganishwa sawasawa kwa ukubwa wa sauti, majibu yao yakawa kama ya kurusha sarafu. Jambo hili la kulinganisha ukubwa wa sauti si dogo: sauti inayozidi nyingine kwa kiasi kidogo mno haitambulikani kuwa kubwa, bali hudhaniwa kuwa njema. Wengi waliosikia tofauti nyumbani walisikia kweli, lakini yawezekana walichokisikia ni kitasa cha sauti kilichosogezwa unywele mmoja.

Waliopinga hawakukosa hoja, na historia ya haki yapasa kuzitaja. Mwaka wa 1986 Les Leventhal wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliwaonya wahandisi kwa hesabu yao wenyewe. Jaribio likifanywa mara 16, kwa desturi hudaiwa majibu 12 yaliyo sawa, kwa kuwa mwenye kubahatisha hufika hapo chini ya mara 4 katika 100. Kwa hiyo ni vigumu kwa mbahatishaji kupita. Lakini mtu asikiaye tofauti nyembamba, kiasi cha kujibu sawa mara 6 katika kila 10, naye hufika 12 kiasi cha mara 17 tu katika 100. Mara 83 atahukumiwa kiziwi ilhali alisikia. Jaribio fupi lililoshindwa kuonyesha tofauti halijathibitisha kuwa tofauti haipo.

Hoja ya pili ilitoka Uswidi. Redio ya nchi hiyo ilichunguza mbinu mpya za kuibana sauti kwa tarakimu ili ipite katika nafasi ndogo, na iliwatumia wasikilizaji kiasi cha 60 katika majaribio ya kificho yaliyofikia kama 20,000. Mbinu moja ilionekana kufaa. Ndipo mhandisi wa Marekani, Bart Locanthi, aliposikiliza utepe wake akatambua mlio mwembamba wa mitetemo kama 1,500 kwa sekunde, ambao haukuwamo katika muziki. Habari hiyo ilitangazwa mwaka wa 1991, nao wakosoaji wa pazia waliishangilia: watu 60 hawakusikia, akasikia mmoja! Yafaa kushangiliwa. Lakini yafaa pia kuangaliwa vema. Mlio ule ulikuwapo, na ulipotajwa watu wengine nao waliusikia. Locanthi hakusema kuwa sauti ilikosa roho. Alitaja mlio na mahali pake. Dai lake lilikuwa na tanga.

Katika miaka ileile kazi ya kuibana sauti ilileta jambo ambalo pande zote mbili hazikulitazamia. Huko Erlangen, Ujerumani, Karlheinz Brandenburg na wenzake walikuwa wakiunda mbinu ambayo baadaye ulimwengu uliijua kwa jina la MP3. Kwa mita za zamani mbinu hiyo ilikuwa uharibifu mtupu, maana hutupa sehemu kubwa ya habari za sauti na kuacha zile tu ambazo sikio lahitaji. Hapana jedwali la asilimia ambalo lingeweza kuihukumu. Sikio peke yake ndilo lililoweza. Brandenburg alitumia wimbo wa Suzanne Vega, ulioimbwa bila ala, kwa sababu katika hatua za mwanzo sauti ya mwimbaji huyo ilitoka imeharibika. Mwaka wa 1994 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu lilitoa utaratibu wa kupima kasoro ndogo za sauti kwa masikio ya wasikilizaji waliofunzwa, kwa upofu wa pande mbili. Hivyo waliodhaniwa kuwa watumishi wa mita waliliweka sikio katika kiti cha enzi. Ila walilifungia mlango jicho.

Mwaka huohuo wa 1994 likatoka jaribio lenye fundisho kubwa kuliko yote. Floyd Toole, aliyekuwa amechunguza spika kwa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, pamoja na Sean Olive, waliwasikilizisha watu 40 spika nne: mara wakiziona, mara zikiwa nyuma ya pazia. Wasikilizaji walikuwa wafanyakazi wa kampuni iliyotengeneza baadhi ya spika zile. Walipoziona, walizipa kubwa na nzuri alama za juu, na ile ndogo ya bei rahisi ikashushwa. Pazia lilipotandazwa, pengo lile likapungua, na ile ndogo ikasimama karibu na wakubwa zake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hayo yangeweza kutabiriwa na mtu yeyote aliyepata kununua kitu dukani. Lakini lilikuwapo jambo la pili. Spika ikihamishwa mahali pake chumbani, sauti yake hubadilika kweli, kwa sababu kuta na sakafu huirudisha kwa namna nyingine. Nyuma ya pazia wasikilizaji waliyasikia mabadiliko hayo, wakabadili alama zao. Walipoziona spika, hawakuyasikia tena. Alama zilifuata sura, wala hazikujali mahali. Basi jicho halikuwaongezea tu wasikilizaji mambo yasiyokuwapo. Liliwanyang'anya mambo yaliyokuwapo.

Kwa jaribio hilo hoja ya zamani iligeuzwa. Wapenda sauti walikuwa wamesema kuwa pazia humdumaza msikilizaji, humtia wasiwasi, humpunguzia usikivu. Ilionekana kuwa mwenye kudumaza alikuwa ujuzi wa jina na sura.

Onyo la Leventhal nalo halikupotea. Mwaka wa 2007 Brad Meyer na David Moran walitoa matokeo ya majaribio 554 juu ya sahani za aina mpya zilizodaiwa kubeba sauti timilifu kuliko CD. Wasikilizaji walijibu sawa mara 276, yaani nusu pungufu kidogo. Wengi walidhani kuwa kesi imekwisha. Lakini mwaka wa 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500, akapata kuwa majibu yaliyo sawa yalikuwa asilimia 52.3, na waliofunzwa kabla ya jaribio walifanya vizuri zaidi. Tofauti hiyo ni ndogo, wala haina utaji ulioondolewa wala giza lililotoweka. Hata hivyo ipo, na iliyeithibitisha si sifa za magazeti, bali ni pazia lenyewe, likitumiwa kwa subira na kwa wingi. Aliyeliogopa pazia kwa kudhani kuwa daima husema "hapana" hakulijua. Pazia husema linaloulizwa, kwa kadiri ya mara linazoulizwa.

Mpimaji wa vyombo ni shahidi. Mtu wa mshahara mdogo, aliyejinyima ili anunue kitu cha kumfurahisha yeye na watu wa nyumbani kwake, hawezi kusikiliza vyombo mia. Hulisoma gazeti na kuamini. Shahidi huyo hadaiwi asikose. Hudaiwa akubali kuulizwa. Kipendacho roho hula nyama mbichi, na mtu aweza kununua spika kwa ajili ya mbao zake, au kwa fahari ya jina lake, bila kumdhulumu mtu. Dhuluma huanza pale upendo wa mbao unapouzwa kwa mwingine kwa jina la sauti.

Gordon Holt aliishi kuyaona yote haya. Mwaka wa 2007, gazeti alilolianzisha lilipotimiza miaka 45, aliulizwa maoni yake juu ya fani aliyoizaa kwa sehemu kubwa. Mzee huyo, aliyewafundisha watu kuandika yale wayasikiayo, alijibu kuwa fani ya vyombo vya anasa ilipoteza imani ya walimwengu katika miaka ya 1980, ilipokataa kujiweka chini ya kanuni za msingi za unyofu, na jaribio la upofu wa pande mbili alilitaja kuwa mfano. Alifariki mwaka wa 2009. Mwaka wa 1962 aliwaacha wapimaji wa mita kwa sababu hawakulisikiliza sikio. Baada ya miaka 45 aliwalaumu warithi wake kwa sababu hiyohiyo.